Kama Alivyosema Jirani

Jiwe la kwanza lilipasua dirisha la Cyril Aspinall saa sita mchana, mwenyewe akiwa usingizini. Nilisikia kioo kikimwagika nikiwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya kaunta ya duka langu, ambako asubuhi hiyo magazeti yote yalikuwa yameisha kabla chai yangu haijapoa.

Ilikuwa Jumamosi, mjini Oldham, kaskazini mwa Uingereza, mwaka wa themanini na sita. Tangu Alhamisi mtoto Julie Ramsden, wa miaka tisa, alikuwa hajulikani alipo. Polisi walibisha kila mlango wa mtaa wetu, wa Cyril ukiwemo. Nyuma yao akaja mwandishi wa gazeti moja la udaku la London, kijana mstaarabu, akapangusa viatu kabla ya kuingia dukani.

"Huyu bwana wa nambari kumi na nne, mama, ni mtu wa namna gani?"

"Mpole. Mapazia yake yamefungwa mchana kutwa, lakini ni kwa kuwa usiku anaoka mikate kiwandani. Mchana ndio usiku wake."

Kalamu yake ikakimbia. Kuna jambo sipendi kulikiri hata leo: nilifurahi kuiona ikiyakimbilia maneno yangu.

Jumamosi alfajiri nilifungua furushi la magazeti. Nyumba ya Cyril ilijaa ukurasa wa mbele. Chini yake: "Mapazia hufungwa mchana kutwa, asema jirani." Nukta. Mikate haikuwemo. Niliusoma ukurasa ule mara mbili. Kisha nikayapanga magazeti rafuni, nikafungua mlango, nikauza.

Sasa, kwa mlio wa kioo kile, nilivuka barabara mbio. Walikuwa watu kama arobaini, na wote nilijua wanasoma nini na wanavuta sigara gani. Nikasimama mlangoni pa Cyril, mgongo ukigusa mbao.

"Jirani ni mimi!" nikapiga kelele. "Nilisema mengine pia, wameyakata! Mtu anafanya kazi usiku, amelala!"

Brenda Clegg, niliyesoma naye tangu darasa la kwanza, akasogea mbele na gazeti mkononi. "Toka hapo, Doreen."

"Brenda, ni uongo."

"Si umetuuzia mwenyewe asubuhi?" Mtu akacheka. "Ingekuwa uongo, wangeiweka ukurasa wa mbele?"

Nikaona mwanamume mmoja akiinama kuokota tofali.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Cyril alikuwa kwenye pajama, mguu ukivuja damu, vigae vya kioo vimemkata. Aliwatazama watu wale, macho yamejaa usingizi.

"Kuna nini, Doreen? Kuna moto?"

Tofali lilibaki mkononi mwa yule bwana, zito, hadi king'ora cha polisi kiliposikika kona ya mtaa.

Jioni Julie alipatikana Blackpool, mji wa pwani, mzima, kwa baba yake, aliyekuwa amemchukua bila kumwambia mama. Mtaani kwetu watu waliingia ndani na kufunga milango. Wiki ya tatu gazeti lilichapa masahihisho, mistari minne, ukurasa wa ishirini na tatu, chini ya matokeo ya mbio za mbwa. Niliyatafuta kwa miwani.

Mwezi uliofuata Cyril aliingia dukani akichechemea.

"Una magazeti ya zamani? Nahama. Nataka ya kufungia vikombe."

Nikampelekea mzigo mzima. Tulipiga magoti jikoni kwake tukifunga, kimoja kimoja.

"Habari ya mikate ulimwambia yule mwandishi?" akauliza, bila kuinua uso.

"Nilimwambia."

"Na Jumamosi ile gazeti uliliona kabla ya kufungua duka."

"Nililiona."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kikombe kingine.

Jumatatu, lori la vyombo vya Cyril likiwa limekwisha kuondoka, Brenda alikuja kama kawaida.

"Haya, leo wanasemaje?"

Nikampa gazeti. Alilisoma pale pale kwenye kaunta, akatikisa kichwa kumlaani mtu asiyemjua, kisha akaomba na kiberiti.