Mama Vifungo Hajala

Mpimaji yule wa maabara alikuwa hodari wa kazi, lakini mdomo sasa, jamani! Mdomo huponza kichwa, na wake haukuwa na breki.

Mama Vifungo, fundi cherehani aliyemshonea hata koti lake jeupe, alitumwa na daktari kupima mafuta ya damu kwa sababu ya presha. Mpimaji akazungusha damu kwenye mashine, kisha akainua kichupa mbele ya foleni nzima. Maji yanayobaki juu ya damu, ambayo hutakiwa kung'aa, yalikuwa meupe kama maziwa, kama ya mtu aliyetoka kula mafuta.

"Mama, si nilikwambia usile tangu jana usiku?"

"Sijala, mwanangu. Hata hamu sina. Nasikia baridi tu."

"Njia ya mwongo ni fupi, mama. Rudi kesho, na usitie kitu mdomoni."

Foleni ikaangua kicheko. Mama wa watu akavuta mtandio usoni, akaondoka.

Kesho yake, yale yale. "Mtu mzima ovyo!" akafoka. "Nenda, urudi hujala!"

Siku ya tatu aliletwa amebebwa, hajitambui. Daktari akaagiza apimwe malaria. Mpimaji akachungulia kwenye hadubini: vimelea tele. Loo! Chuoni alifundishwa kwamba malaria huvuruga mafuta ya damu. Mafuta mengine hupanda hata kama mgonjwa hajaonja punje, na yale mazuri yanayolinda moyo huporomoka, jambo ambalo mlo wa usiku mmoja hauwezi kulifanya. Akafungua daftari. Mazuri yalikuwa yameporomoka siku zote mbili, kwa mwandiko wake mwenyewe. Aliyaandika bila kuyasoma, maana alikuwa akitafuta mwongo.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Jioni akaenda wodini kuomba radhi, akamkuta muuguzi kasimama na kikombe cha uji.

"Tangu azinduke anakataa kula," muuguzi akasema. "Mjaribu wewe."

Mama Vifungo akafumbua macho, akaliona lile koti jeupe alilolishona.

"Mwanangu, leo siku ya tatu sijala kitu, haki ya Mungu. Damu imetoka safi? Naweza kula sasa?"

Mpimaji akapokea kikombe, akachota kijiko cha uji, akamsogezea mdomoni.

"Kula, mama. Hukudanganya hata siku moja. Mwongo ni mimi!"

Alisema kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Lakini ile foleni iliyocheka haikuwepo.