Dakika Kumi Bila Uradi

Daktari wa picha za ubongo aliigeuza kompyuta yake ili mama na binti waione, kisha akanyamaza. Mama hakuupenda ule unyamavu. Alishauguza watu wengi, akajua kwamba daktari mwenye habari njema huanza kusema kabla hajaketi.

Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha watoto wa chekechea, alikaa ukingoni mwa kiti. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka sita. Dawa zilibadilishwa na kubadilishwa, wapi. Wiki tatu zilizopita alianguka katikati ya barabara akiwavusha watoto kumi na wanne walioshikana mikono. Gari lilisimama hatua mbili kutoka kichwani pake. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole asirudi darasani mpaka apone. Tumaini likabaki moja, kupasuliwa, na mpasuaji aliyekuja kwa mwezi mmoja alikuwa anafunga orodha yake siku hiyo, saa nane mchana. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

"Kovu linaloleta kifafa ni hili, juu ya sikio la kushoto," daktari akasema. "Kulikata siyo shida. Shida ni majirani zake. Sehemu za ubongo huwa zinapigiana simu hata mtu akikaa kimya bila kufanya kitu. Mashine yetu inasikiliza nani anampigia nani. Sasa kwa binti yako, mama, sehemu ya maneno, sehemu ya mkono wa kulia na hili kovu zinawaka pamoja na kuzima pamoja, kama taa za swichi moja. Dakika kumi nzima! Sijawahi kuona mtu aliyepumzika akawa hivi."

"Maana yake nini?" Mwalimu akauliza.

"Maana yake wakigusa kovu, wanaweza kuondoka na maneno yako. Siwezi kuwaambia wakate mtu awe bubu. Nitaandika hapana."

"Nikiwa bubu nitafundisha nini, mama? Kupiga makofi?" Mwalimu alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. Mabega yakaanza kutetemeka.

"Tulia, Mwalimu," daktari akasema. "Tulia kwanza."

Hapo ndipo mama alipoona. Mkono wa kulia wa binti ulikuwa umelala pajani, na kidole gumba kikaanza kutembea. Kiligusa pingili ya chini ya kidole cha mwisho, kikapanda ya pili, ya tatu, kikahamia kidole cha pete. Midomo ilikuwa imefungwa, ila koo lilikuwa linacheza.

Mama akamgeukia daktari. "Mwanangu daktari, humo ndani ya mashine mlimwambia nini?"

"Tunachowaambia wote. Usilale, usitikisike, tulia."

"Mlisema tulia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hakupumzika huyu. Alikuwa anavuta uradi."

Daktari akamtazama kama asiyesikia vizuri. Mama akamweleza. Tangu binti ana miaka sita, kila kifafa kilipokuja au kilipoondoka, yeye alimshika mkono akamwambia, "Tulia," kisha wakaanza wote wawili kumtaja Mungu, pingili kwa pingili, mpaka vidole viishe, halafu upya. Nyumba nyingine mtoto akiambiwa tulia ananyamaza. Kwao, tulia ilikuwa maana yake anza.

"Lakini mama, sikusogeza mdomo," Mwalimu akasema.

"Mdomo hukusogeza. Na kidole je?"

Mwalimu akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kidole gumba kilikuwa kimefika kidole cha shahada.

Daktari aliweka kalamu chini taratibu. "Maneno na mkono, pamoja," akasema kwa sauti ndogo. "Picha haikudanganya. Sisi tumeiuliza habari za mtu aliyepumzika, yenyewe ikajibu za mtu anayesoma na kuhesabu." Akasimama ghafla. "Twendeni. Tukimkuta mpiga picha hajaingiza mtu, tunaweza kurudia."

Mpiga picha alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, ambaye wagonjwa walimbandika jina la Bwana Usitikisike. Alipoelezwa, akashika kiuno. "Yaani miaka yote hii nawaambia watu tulia, kumbe kuna nyumba tulia ni kengele ya kuanza kazi! Haya, dada, chuma chochote? Hereni? Pini? Mume mwenye moyo wa chuma?"

"Angekuwepo ningekuja naye umkague," Mwalimu akajibu.

Lakini mlangoni pa chumba cha mashine akasimama, akamvuta mama pembeni. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Mama, nisiposoma nitaanguka mle ndani."

"Na ukisoma hawataona kitu."

"Wewe ndiye uliyenifunza. Ulisema nisiache hata iweje."

Mama akamshika mkono. Ni kweli alisema hivyo, na aliamini, na bado anaamini. Sasa ulimi wake ule ule ndio umkataze mtoto kumtaja Muumba wake, tena akiwa kwenye shimo la mashine, peke yake, na kichwa kimefungwa. Aliona kama anamnyang'anya fimbo kiwete.

"Mimi nitasoma," akasema mwisho. "Dakika kumi hizi ni zamu yangu. Nitasoma kwa niaba yako, neno kwa neno. Mungu anajua sauti ya nani ni ya nani. Wewe kaa tu. Mawazo yakija yaache yapite, usiyashike, usiyafukuze."

"Na kidole?"

"Kilaze."

Mwalimu akaingizwa. Mama akaruhusiwa kusimama kwenye kioo, kando ya mpiga picha. Kutoka pale alimwona binti kuanzia kifuani kwenda chini, na mkono wa kulia juu ya tumbo, umefunguliwa.

"Dada, unanisikia?" Bwana Usitikisike akasema kwenye kipaza sauti. Akajing'ata mdomo, maana neno lilishamfika ulimini. "Kaa tu. Macho wazi. Kaa tu."

Mashine ikaanza kugonga kama nyundo za mabati. Mama akaanza kusoma. Dakika moja. Tatu. Tano. Mkono haukusogea.

Dakika ya saba, kidole gumba kikashtuka.

"Mama," mpiga picha akanong'ona. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe chekundu. "Kifafa chake kinaanzia wapi?"

"Mkono huo huo."

"Nisimamishe? Nikisimamisha picha imekufa. Nisiposimamisha akaanguka mle, kichwa kimebanwa..."

Mama akakiegemea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akaufuta kwa kiganja. Alijua vidole vile kuliko vyake. Kifafa kikija, kidole gumba hukunjwa kwa nguvu ndani ya kiganja, kama kinavutwa kwa uzi. Uradi hukipeleka kwenye pingili. Hiki kilikuwa kimeinuka tu hewani, kinatetemeka, hakiendi huku wala kule.

"Bado," akasema.

"Mama, una hakika?"

"Bado. Kinataka kuhesabu, anakizuia."

Mpiga picha hakuondoa kidole kwenye kitufe. Jasho lilimtoka, na chumba kile kilikuwa na baridi. Kidole gumba cha Mwalimu kikasimama hivyo hivyo hewani. Kisha kikashuka polepole, kikalala kwenye tumbo pamoja na wenzake.

Zilipotimia dakika kumi, daktari akachukua kipaza sauti mwenyewe. "Mwalimu, hongera. Sasa nakuomba kitu. Soma uradi wako kimoyomoyo, vidole vimelala. Nikisema acha, uache. Nikisema soma, usome. Tutajua maneno yanakaa wapi."

"Hata siku nzima," sauti ikajibu kutoka shimoni.

Saa nane kasorobo daktari alitoka kwenye mkutano na mpasuaji, karatasi ya idhini mkononi. Walipoona anaanza kusema akiwa bado ukumbini, mbali nao, mama akashika mkono wa kiti.

"Kovu liko peke yake. Sehemu ya maneno iko nyuma yake, nafasi ya upana wa kidole. Wamekubali, Jumatatu. Lakini sikufichi, Mwalimu: upana wa kidole ni mdogo. Unaweza kukaa wiki, labda miezi, unakiona kikombe na jina lake haliji. Kwa wachache halirudi kabisa. Unaruhusiwa kukataa."

Mama akaichukua karatasi kwa daktari. Kisha akampa binti yake, aamue mwenyewe.

Mwalimu akaisoma mpaka chini, penye nafasi ya sahihi. "Watoto wangu nao majina ya vitu yanawapotea kila siku," akasema. "Tutayatafuta pamoja. Ila nikiwa nawavusha barabara, nataka niwe nimesimama."

Akanyoosha mkono kuomba kalamu. "Leo tarehe ngapi, daktari?"