Kidole cha Kifungo

Jumamosi asubuhi bibi alikuwa anakunja nguo zilizoanuliwa, huku akimsimulia mjukuu wake jinsi alivyowahi kupotea sokoni utotoni. Mjukuu, msichana wa miaka saba waliyemwita Kifungo kwa kuwa mama yake alikuwa fundi cherehani, alichoka kusikiliza. Akapitisha kidole hewani kuelekea kushoto, na bibi akateleza pamoja na kiti chake mpaka ukutani.

“Haya umeyaanza lini?” bibi aliuliza, akiokota soksi.

“Juzi.”

Bibi akamwita binti yake kutoka chumba cha kushonea. “Mwanangu, huyu mtoto ananisogeza kama picha ya kwenye simu. Mtafutie shule nyingine.”

Mama hakubisha. Shule ya Kifungo ilimpa kila mtoto kishikwambi, na walimu walijivunia jambo hilo. Lakini simu ya kwanza kabisa ni mama mwenyewe aliyempa, mtoto hata meno hayajakamilika, ili amalize gauni la bibi harusi. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Kila alipolikumbuka, mshono ulienda upande.

Akaanza kuzunguka. Shule moja ya binafsi ilijitangaza kuwa haina skrini. Kumbe zilikuwepo, zimefunikwa vitambaa vya maua. Nyingine ilikuwa na ubao, kitalu cha maharage nyuma ya madarasa, na mwalimu mkuu aliyejaa vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi.

Mwalimu mkuu akamkalisha Kifungo na kuanza kumsomea hadithi. Ilikuwa ndefu. Kifungo akapitisha kidole, mwalimu akateleza hadi kwenye korido, kitabu mkononi. Akarudi kwa miguu, akaketi, akaendelea pale alipoishia. Akasogezwa tena, akarudi tena. Mwishowe Kifungo akauliza yule mbwa wa kwenye hadithi alikwenda wapi.

“Tutampokea,” mwalimu mkuu alimwambia mama. “Tunao wengine kama yeye. Kajifunza kwa nani?”

“Huko shule aliyotoka,” mama alisema, akiangalia sakafu.

Muhula haukuisha kabla kidole hakijatulia. Bibi akawa anamaliza hadithi zake palepale alipozianzia.

Jioni moja Kifungo alirudi na habari. Mama alikuwa ameegemea cherehani, anasoma ujumbe wa mteja aliyelalamikia mikono ya gauni.

“Mama, mche wangu ulikuwa umejikunja, leo umenyooka, una majani mawili, halafu mwalimu kasema…”

Bila kuinua macho, mama akapitisha kidole hewani. Kifungo akateleza taratibu kuelekea mlangoni, viatu vikikwaruza saruji. Bibi akavuta kiti chake pembeni ili mtoto apite.

Mama akashtuka, akamfuata hadi barazani, simu bado mkononi. Alitaka kuomba radhi, ila Kifungo akamtangulia.

“Samahani, mama. Nilikuwa naongea sana.”

“Hapana, mama,” alisema mama. Simu ikatetemeka. Akaitazama. “Ngoja kidogo tu, nimjibu huyu.”

Kifungo akaketi kwenye ngazi, mikono juu ya magoti. Katika shule mpya walifundishwa kungoja, naye alikuwa anafanya vizuri.