Pikapu Iliyolala Kwetu

Nilikaa katikati yao, magoti nimeyabana upande mmoja ili Cleophace apate nafasi ya kubadili gia, na kila gurudumu lilipoingia shimoni niliuma ulimi nisije nikalia. Barabara ya Mwanza kwenda Magu miaka ile ilikuwa na mashimo ya kuogeshea bata. Mume wangu, Josephat, alikaa dirishani akipiga mluzi, mkono mmoja nje na mwingine begani kwangu. Mtu aliyetuona kutoka kando ya barabara angesema, mtazame yule mwanamke, ameolewa akaoleka.

"Isikilize injini hiyo," alisema Josephat. "Mzee hata akitaka kukataa, masikio yake yatakubali."

Cleophace alikwepa shimo jingine. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mpole, anaendesha kama aliyepakia mayai. Pikapu hiyo ya dizeli ilikuwa yake, nyeupe iliyofifia mpaka ikafanana na maziwa ya jana. Alikuwa ameibebesha ndizi kwa miaka, halafu samaki wa soko la Mwaloni pale Kirumba tulikoishi, viwanda vya minofu vilipoanza kumeza kila sangara anayetoka ziwani. Mita yake ya kilomita ilikufa zamani, na kabla ya kufa ilikuwa imezunguka mpaka ikachoka. Alikuwa anaiuza kwa sababu kaka yake amefariki na shamba la migomba limebaki na mama peke yake. Hayo yote aliyasema waziwazi kwa yeyote aliyeuliza. Mimi nilikuwa na langu nililolificha chini ya mkono wa kushoto, kwenye mbavu.

Baba yangu, mzee Yeremia, aliitamani pikapu tangu wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini. Zamani lori la ushirika lilikuja lenyewe, lichelewe lakini lije. Sasa ilikuwa ruksa, anunue anayetaka na auze anayetaka, na mwenye gari ndiye aliyefika kiwandani bei ikiwa bado imechangamka. Baba hakuwa na fedha. Alikuwa na ng'ombe, na wengi wa waliokuwa zizini mwake ni wale walioswagwa kuja kwetu mwaka nilioolewa.

Ng'ombe wa mahari kwetu Usukumani wana kamba ndefu. Wanalala kwa baba wa binti, wanakamuliwa, wanazaa, lakini binti akiachana na mumewe nao wanarudi walikotoka. Na kama baba alishawauza, wazee wa pande zote mbili hukaa, wakakohoa kohoa, na mwisho wake binti huambiwa, mwanetu, vumilia, ndoa ndivyo zilivyo. Katika ukoo wetu nilishawaona wanawake wakiambiwa hivyo. Mmoja wao tulimzika.

Josephat aliijua desturi hiyo kuliko alivyoijua katekisimu. Alikuwa karani wa mizani pale Mwaloni, mcheshi, mtu wa watu, na hakuna aliyejua sura yake mlango wetu ukishafungwa isipokuwa mimi. Mara ya mwisho alinipiga teke nikiwa tayari niko chini, na nilipoweza kusema nilimwambia nitarudi kwetu. Hakukasirika. Alikaa kitandani akafikiri, na wiki ile ile akaanza kumsifia baba pikapu ya Cleophace. Asubuhi ya safari alinisaidia kufunga zipu ya gauni mgongoni, akaniambia taratibu:

"Ng'ombe wakishakuwa gari, Tereza, utarudi na nini? Na tairi?"

Nilikuwa namwogopa akifoka. Siku hiyo nilijua kwamba namwogopa zaidi akiongea taratibu.

Baba alitupokea fimbo mkononi, akaitikia shikamoo zetu, kisha akaanza kuizunguka pikapu bila kuigusa. Hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Maisha yake yote alikuwa amenunua ng'ombe minadani, na hakujua njia nyingine ya kununua kitu chochote kinachotembea. Aliinama akachungulia chini ya chesisi. Alipapasa springi za nyuma kwa kiganja, kama anayetafuta jipu. Alimwomba Cleophace awashe, na injini ilipowaka tu akamwambia azime.

"Imetoka mbali, ina moto bado," alisema. "Iache ilale hapa. Nitaiangalia ikiamka."

Josephat alicheka. "Baba, gari si ng'ombe."

"Mchana kila mnyama ni mzima," alisema baba. "Alfajiri, mwili ukishapoa, ndipo anakuonyesha mguu anaouficha."

"Mzee amesema kweli," Cleophace akadakia. "Dizeli inajulikana asubuhi."

Basi wanaume wale wawili wakaondoka kwa miguu kwenda kulala gesti ya Magu mjini, maana kwa desturi yetu mkwe halali ukweni, na mimi nikabaki kwa mama. Kabla ya kuondoka Josephat alinivutia kando ya ua wa minyaa, anatabasamu ili wote waone.

"Kesho nikukute unacheka," alisema.

Jioni ile nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Mwanza. Nilitaka kumwambia mama tukiwa wawili tu jikoni, kwa sauti ndogo, kisha yeye amwambie baba. Lakini mama yangu, Kashindye wa watu, alikuwa amechinja kuku na anaimba. "Baba yako halali tangu asikie habari ya hilo gari," aliniambia akikoroga ugali. "Ng'ombe wako wametuheshimisha, mwanangu. Majirani watabebewa pamba na nani kama si sisi?" Maneno yangu yakarudi yalikotoka. Nililala ubavu wa kulia na hofu yangu, nikamwomba Mungu auue mtambo wa watu. Sidhani kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kusali rozari nzima kwa nia ya pampu ya dizeli iharibike.

Kulipopambazuka upepo wa ziwani ulikuwa baridi na umande umelowesha kila kitu. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na zizi, amejitanda blanketi, anaitazama pikapu kama alivyozoea kuwatazama ng'ombe wageni. Mimi nilikuwa nje ya jiko nikipuliza moto kwenye mafiga.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia.

"Mwangaluka. Umelalaje?"

"Vizuri, baba."

"Niletee maji ninawe."

Niliinuka kama nilivyojifunza kuinuka siku hizo. Kwanza kiganja ukutani, kisha goti moja, kisha la pili, pumzi nimeibana na mkono wa kushoto nimeugandisha ubavuni. Nilikuwa nimezoea kiasi kwamba sikujua tena kama ni kitu cha kuonekana. Nilipogeuka na kibuyu cha maji, baba hakuwa anaitazama pikapu. Macho yake yalikuwa miguuni kwangu, yakapanda mpaka ubavuni, yakaishia usoni. Macho hayo niliyajua. Mara nyingi nilikuwa nimeyaona mnadani, ila kamwe kwangu.

Alinawa polepole. Nilikuwa naogopa jambo jipya sasa. Baba ameona. Baba anaitaka pikapu ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Sasa nitajua mimi ni nani kwake. Afadhali asingeona.

Josephat na Cleophace walifika jua likianza kuchomoza. Cleophace aliingia, akaweka ufunguo, akasubiri taa ya hita ya kupashia injini izime. Niliikaza mikono yangu kwenye kanga. Akawasha.

Injini iliitika mara moja. Ilitoa moshi kidogo, ikajisafisha koo, ikatulia ikinguruma kwa raha. Cleophace alifungua boneti, akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Baba alitandaza kiganja juu ya tundu, akangoja. Kiganja kilitoka kikavu, bila moshi wala tone.

"Gari nzima hii," alisema baba. "Haina kidonda."

Josephat alipiga makofi. "Basi tumemaliza, Baba. Na mnada ni leo."

"Bado," alisema baba. "Tereza, panda nyuma."

Wote walinigeukia. Josephat alikuwa angali anatabasamu, lakini macho yake yalishaacha. Nilikanyaga tairi, nikashika ubao wa bodi kwa mikono yote miwili, nikajivuta. Mkono wa kushoto ulikataa. Nilisikia sauti inatoka kwangu, sauti ya ajabu, na nikabaki nimening'inia, siwezi kwenda juu wala chini. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Baba alikuja akanishika kwapa la kulia, akanishusha kama unavyomshusha mtoto kutoka mtini.

"Aliteleza kisimani, Baba," Josephat alisema haraka. "Nilimwambia aende hospitali, mbishi."

Baba hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Uliteleza?"

Injini ilikuwa inaunguruma. Juu ya bega la baba nilimwona Josephat, na Josephat akasema taratibu, kwa sauti ile ya zipu, "Mwambie Baba, mke wangu."

Nilijua nikisema ndiyo ng'ombe watauzwa kabla ya adhuhuri, na jioni nitakaa tena katikati, magoti yamebanwa, narudishwa Kirumba. Nilijua pia nikisema hapana huenda mambo yakawa yale yale, ila sasa Josephat atakuwa amesikia.

"Sikuteleza," nilisema.

Baba aliipachika fimbo kwapani. Kisha akamgeukia Cleophace, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama anayempa pole ya msiba.

"Mwanangu, gari yako ni nzima, na wewe umenieleza kweli tupu. Atakayeinunua atakushukuru. Mimi sinunui."

"Baba, tulikubaliana," alisema Josephat.

"Tulikubaliana niangalie asubuhi," alisema baba. "Nimeangalia."

Josephat alipiga hatua kunielekea. Baba alihamisha fimbo yake, akaishika katikati, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote, kwa sababu baba alikuwa mzee mwenye mikono iliyokonda na mwenzake alikuwa kijana anayenyanyua magunia ya dagaa. Aliyetuokoa asubuhi ile alikuwa Cleophace. Alifunga boneti, akaenda akafungua mlango wa abiria, akasimama hapo ameushikilia.

"Twende, Josephat," alisema. "Nakurudisha mjini."

Josephat aliutazama mlango ule kwa muda mrefu. Kisha akaingia. Nilipoiona pikapu ikitoka uani, mahali pangu pa katikati pakiwa wazi, niliketi kwenye kigoda cha baba, na nilikaa hapo mpaka mchana. Nimekuwa mtu mzima tangu wakati huo, nimelea na nimezika, na bado gari la dizeli likiwashwa alfajiri mtaani kwetu mimi huamka mkono ukiwa umeshafika ubavuni. Hulala hapo nikasubiri moyo uteremke. Akili inajua kwamba yamekwisha, mwili haujaambiwa.

Wazee walikaa, ndiyo, na walikohoa sana. Lakini zizi lilikuwa limejaa, na penye zizi lililojaa hapana wa kumwambia binti avumilie. Mbavu zilipounga, baba aliwatoa ng'ombe wale awarudishe Kisesa kwa kina Josephat, na hakutaka kumtuma mtu. Nilimsindikiza mpaka barabara kuu nikiwa nimebeba maji yake ya njiani.

Tulikuwa hatujaagana pikapu ile ilipotokea ikielekea upande wa mjini. Niliitambua kwa sauti kabla ya kuiona, na mwili wangu wote ukaganda. Ilikuwa imeshanunuliwa na mtu wa kijiji cha pili, imepakiwa magunia ya pamba mpaka ikainama nyuma, na kijana nisiyemjua ndiye aliyekuwa usukani. Baba aliwasogeza ng'ombe majanini, akasimama akiitazama mpaka vumbi likatua. Msimu ule wa pamba sisi tulisomba kwa baiskeli.

"Bado unaitamani, baba?" nilimuuliza, na niliogopa jibu.

"Inaamka vizuri, ile," alisema. Akapokea kibuyu cha maji, akanitazama nikiinama kuokota kanga yangu na kuinuka tena. Alitazama mpaka niliposimama wima. Kisha akawapigia mluzi ng'ombe, akaenda zake.