Kifuniko cha Bomba

Bwana Elinuru alifungua duka la pembejeo pale Lushoto mjini mambo yalipoanza kuwa ruksa. Akaleta kutoka nje mabomba ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, kila moja na kijitabu chake, katika lugha ambayo hata yeye aliyeyanunua hakuijua. Wakulima wakawa wanayagonga kama mtu anayechagua boga, kisha wanayaacha. Ndipo akabandika tangazo kwenye ubao wa kanisa: anatafutwa mwandishi wa maelezo ya mitambo kwa Kiswahili, awe amemaliza kidato cha nne au zaidi, awe na vyeti, awe nadhifu. Kulijua bomba hakukutajwa.

Mimi nilikuwa nafagia duka hilo na kupika chai. Niliishia la saba, kwetu Gare. Unadhifu ninao, lakini huo peke yake haukutosha.

Mchumba wangu Hezekia alikuwa na kidato cha sita. Tangu amalize alikaa kwao akingoja kazi inayomfaa. Mama yake analima, dada zake wananyunyizia kabichi, yeye anasoma gazeti lililofungiwa nyama. Posa ilikwisha kuletwa. Mchungaji alikuwa tayari kusoma matangazo ya ndoa yetu Jumapili inayofuata, ila Hezekia aliweka sharti: kazi kwanza.

"Siwezi kuoa nikiwa mkulima, mzee wangu," alimwambia baba, ambaye ni mkulima.

Baba akamwongeza chai.

Siku moja kabla ya usaili Hezekia alinifuata uani, nyuma ya duka. Nikamtolea bomba.

"Livae kwanza," nikamwambia. "Uone linavyokaa."

"Yusta, mimi ni wa kuandika, si wa kubeba." Akalizunguka akiwa ameficha mikono mfukoni, asije akachafua koti lake la mitumba. "Nasikia kesho wewe ndiye utakayesomeshwa karatasi zetu?"

"Ndiyo. Bwana Elinuru kasema, nikielewa mimi, kila mtu ataelewa."

Akacheka hadi akajifuta macho. "Basi ukiona pengo, ziba. Wewe si mtu wangu?"

Nikasema ndiyo.

Kesho yake Bwana Elinuru alikaa na Mwalimu Anselm, mstaafu, aliyealikwa kwa sababu ana miwani. Vyeti vilikaguliwa kwanza. Mwalimu alivielekeza dirishani kutazama mihuri, akavigeuza huku na huku kama anayenunua samaki wa jana. Dada mmoja alileta cheti cha kipaimara na barua ya kiongozi wa kwaya. Akapongezwa, akarudishwa kwao. Wakabaki wawili: Lusajo, karani wa shamba la chai, na Hezekia. Kila mmoja akaandika karatasi yake. Ndoo ya maji ikaletwa, na chai ya rangi iliyobaki asubuhi ikawa ndiyo dawa.

"Haya binti," Mwalimu akaniambia. "Wewe ni mkulima. Fanya kilichoandikwa, usijitie ujuzi."

Karatasi ya Lusajo ilianza kwa kusema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Ikaendelea na taifa mpaka katikati ya ukurasa. Chini kabisa ikasema: tia maji, tia dawa, funga, beba, elekeza kwenye mmea. Mpini haukutajwa. Nikabeba, nikaelekeza mrija kwenye chungu cha maua, nikasimama. Hakikutoka kitu.

"Mbona umeganda?" Mwalimu akauliza.

"Nimefika mwisho, shikamoo mwalimu."

"Marahaba. La saba hao!" Akamgeukia Lusajo kwa huruma. "Usijali kijana, umeandika kwa kina. Kichwa cha huyu ndicho kidogo."

Nilitua bomba chini. Kumbe karatasi haishindwi; anayeshindwa ni msomaji.

Ikaja ya Hezekia. Mwandiko mzuri, kila herufi imevaa viatu. "Wewe mkulima usiye na elimu," ilianza, "fuata kwa makini maneno ya wataalamu." Kisha: tia maji nusu, tia dawa, jaza, beba mgongoni, sukuma mpini, nyunyiza.

Nilitafuta kifuniko katika karatasi ile mara mbili. Hakikuwapo. Hezekia alikuwa ananitazama, akakohoa kidogo. Nami nilijua nimeahidi nini, na Jumapili kuna nini. Nikakifunga kifuniko kimyakimya, nikabeba, nikasukuma, chai ikanyeshea maua.

Bwana Elinuru akapiga makofi. "Huyu ndiye! Kazi unayo, kijana wangu."

"Umeona maandishi ya msomi?" Mwalimu akasema. "Hata huyu kaelewa."

Nilimtazama Hezekia. Sikutaka anitaje, ningeridhika na jicho tu. Yeye akarekebisha kola.

"Mwalimu, siri ni kujishusha," akasema. "Niliandika nikimfikiria yeye huyu. Nikajiambia, hiki kichwa kikipokea, hata mbuzi atapokea."

Wakacheka wote watatu. Lusajo naye akacheka, mtu aliyekosa kazi.

Mimi si mtu wa haraka. Nilisubiri wamalize.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Naomba nirudie. Mara ya kwanza sikufuata karatasi sawasawa."

"Hakuna haja," Hezekia akasema upesi mno.

"Mwache," Bwana Elinuru akasema. "Nataka kuona tena. Ndiyo nitakayochapisha."

Nikasoma kila neno kwa sauti, tangu "Wewe mkulima usiye na elimu." Nikatia maji nusu. Nikatia chai. Nikajaza mpaka juu. Kifuniko kikabaki sakafuni, mahali kilipoachwa na mtaalamu. Nikainama, nikapitisha mkono kwenye mkanda, nikalitupia bomba mgongoni.

Yale maji ya milimani kwetu unaijua baridi yake. Yaliniingia shingoni, yakashuka mgongoni, yakatiririka mpaka kwenye viatu vya Hezekia. Blauzi yangu nyeupe ikawa rangi ya chai.

"Sasa huyu kasahau kufunga!" Mwalimu akasema.

Bwana Elinuru hakucheka. Huyo ni mfanyabiashara. Aliutazama mgongo wangu akaona mteja wake amelowa sumu. Akaichukua karatasi, akaisoma akifuata kwa kidole. Akafika chini, akarudi juu. Kisha akamrudishia mwenyewe, pamoja na vyeti vyake.

"Yusta," Hezekia akanong'ona, "tulikubaliana nini?"

"Nilikwisha kuziba mara moja. Umeona mbuzi anaziba mara mbili?"

Akaniambia nimejivunjia nyumba yangu kwa mikono yangu. Nilikwenda kuchukua tambara, nikapangusa sakafu, pamoja na pale alipokuwa amesimama.

Jioni nilipanda Gare na blauzi ileile, nikapitia kwa mchungaji kabla ya kufika nyumbani. Jumapili alisoma matangazo ya jozi nyingine mbili. Mama yake Hezekia aligeuka kwenye benchi la mbele akanitafuta kwa macho. Nilimwamkia kwa kichwa. Mama wa watu hana kosa, na kesho yake alikuwa na kabichi za kunyunyizia.