Diploma Moja, Madirisha Mawili

Saa tatu kasoro asubuhi, Romulus Bălan alifika kwenye dirisha la usajili la chuo cha ufundi cha Timișoara, amevaa suti aliyoolea, akatoa diploma ya sekondari ya binti yake Smaranda. Ile halisi, si nakala. Nakala siku hiyo ni za kufungia karanga. Smaranda alikuwa amepata nafasi ya uhandisi wa kompyuta vyuo viwili, Timișoara na Cluj, na pale inapokabidhiwa ile halisi ndipo mtoto anaposoma. Mwisho saa nane mchana.

Binti alitaka Cluj. Romulus alitaka Timișoara, saa moja tu kutoka kwao Lugoj, ili kila Ijumaa amwone mlangoni. Mkewe alikuwa Italia mwaka wa sita sasa, akitunza wazee wa watu. Nyumba ya watu wawili, akitoka mmoja, hubaki nini? Basi Romulus akaona heri aamue yeye. Kuamua, si kuiba. Kuiba ni neno kubwa.

"Mwenyewe yuko wapi?" karani akauliza.

"Mimi ndiye baba."

"Nimeuliza mwenyewe, mzee. Anatia sahihi yeye."

"Sahihi yake naiweza."

Karani alimsukumia diploma yake. "Hilo sijalisikia. Anayefuata!"

Romulus akatoka nje, akampigia binti simu. "Mwanangu, bado uko kwa rafiki yako?"

"Niko Cluj, Baba. Dirishani. Nimefungua ile bahasha ya diploma niliyoichukua kabatini, nikamkabidhi karani karatasi ya dhamana ya mashine ya kufulia."

 Dhamana hiyo Romulus aliitia humo yeye mwenyewe alipochomoa diploma, bahasha isionekane nyembamba.

"Ameisoma yote," Smaranda akaendelea. "Anasema ilikwisha muda mwaka juzi."

"Kumbe umeiba bahasha!"

"Nawe umeiba diploma. Mtoto wa nyoka ni nyoka, Baba. Sasa karatasi unayo wewe, mkono ninao mimi. Treni ya kuja huko huchukua muda wa saa saba nzima, sifiki. Wewe una gari."

"Nisipokuja je?"

"Sisomi popote mwaka huu. Nitakaa nyumbani na wewe."

Lo! Alichokitamani kimeletwa mezani, tena bila jasho. Romulus aliketi garini dakika kumi akilifurahia jambo hilo. Kisha akaona haya, haya ya kweli, akawasha gari.

Alifika Cluj saa nane kasoro dakika saba, shati limemganda mgongoni. Smaranda aliipokea diploma bila salamu, akatia sahihi, karani akagonga muhuri. Ikawa imekwisha.

Wakaketi kwenye ngazi za chuo.

"Niliogopa, mwanangu," Romulus akasema. "Kubaki peke yangu."

"Najua, Baba. Ndiyo maana sikutaka chuo cha karibu. Tangu Mama aondoke napika mimi, nafua mimi. Ningesoma Timișoara, siku tano ningekuwa mwanafunzi, siku mbili mama yako."

Maneno yalimchoma. Akalegeza tai. Wanafunzi walipita wakicheka mambo yao.

"Sima," akauliza mwishowe, "huanza maji au unga?"

"Maji, Baba."