Hatua za Mama Magige

Mimi ndiye niliyemkataza. Brayan, mwanafunzi mwenzangu, alikuwepo, lakini alinyamaza, na siwezi kumsingizia.

Tulikuwa wanafunzi wa jiolojia, tuko fildi Nyansurura kujifunza matetemeko ya ardhi. Msimamizi wetu, Mzee Hezekia, alitutafutia mji, yaani boma la familia moja, uliokaa juu ya mwamba, mbali na barabara, tukafukia kipima tetemeko nyuma ya nyumba. Hatua nane kutoka hapo lilikuwa kaburi la Magige, kitinda mimba wa mama mwenye mji, aliyefukiwa na shimo la dhahabu kule Nyamongo mwaka juzi.

Mashine ile inasikia kila kitu. Tulipofungua kompyuta, mstari ulikuwa umetulia usiku kucha, halafu saa kumi na mbili asubuhi ukaanza kurukaruka. Kesho yake vilevile. Brayan akashangilia kama mjinga, akidhani tumepata tetemeko. Siku ya tatu tuliamka mapema kuchungulia, tukamkuta Mama Magige anafagia kaburi, akimsimulia mwanawe habari za nyumbani.

Ripoti yangu ilihitaji siku kumi safi. Nikamwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, tunaomba usipite kule nyuma mpaka tutakaporudi. Siku kumi tu. Mashine inasoma miguu yako."

Akacheka. "Kwani miguu yangu nayo ni tetemeko? Na wembamba huu!"

"Inaharibu kazi, mama."

Kicheko kikakatika. Akalitazama kaburi. "Huyu naye alitaka sana kusoma," akasema. "Haya. Nitakaa huku mbele. Ila mje siku hiyo mliyosema."

"Tutakuja," nikamjibu, huku naangalia simu.

Tukaenda kuzunguka Tarime kusoma miamba na nyufa za kale. Siku ya kumi ilitukuta Mugumu. Kulikuwa na nyama choma, kulikuwa na mpira kwenye televisheni, na gari la Mzee Hezekia lilitaka tairi. Nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, kipima kina haraka gani? Tukarudi siku ya kumi na tatu.

Tulikuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa matanga. Beatrice, mkwe wa Mama Magige, alitupokea vizuri, akatupa viti. Bora angenitukana.

Mama alishikwa na homa siku ya tisa, akatusimulia. Siku ya kumi alijua hatapona, akatamani kwenda kumuaga Magige.

"Tukataka kumbeba," Beatrice akasema. "Akauliza, wanafunzi wamekuja? Tukamwambia bado. Akasema basi, msiharibu kazi ya mtoto wa watu. Kesho yake akauliza tena. Bado. Jioni akakata roho."

Nikauliza amelala wapi, maana nilijua kwao mama huzikwa jirani na mwanawe.

Beatrice akanyoosha mkono kuelekea mbele, karibu na njia, ambako udongo ulikuwa bado mbichi.

"Pale. Alikataa kule nyuma, alisema majembe yataisumbua mashine yenu." Kisha akaniuliza, kwa moyo mweupe kabisa, "Lakini kazi yenu haikuharibika, eti?"

Siku zangu kumi zilikuwa safi zote.

"Haikuharibika, dada," nikasema.